Kigoma: Stesheni ya Ziwa, Abiria wa Milima

Kijijini Kagerankanda, wilayani Kasulu, hakuna reli, wala Kasulu mjini, wala Kibondo. Hata hivyo nyanda hizi za juu zina stesheni yao, nayo iko Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kasulu na zaidi ya mara mbili ya hapo kutoka Kibondo. Tarehe ya stesheni hiyo husimuliwa kama sura ya bandari: Mjerumani akafika ziwani, Mbelgiji akaja na shehena za Kongo, Mwingereza akaiopoa meli iliyozamishwa. Hayo yote yalitokea, na yana nafasi yake hapa chini. Ila anayeishia hapo amehesabu majengo na meli, akawasahau waliopita mlangoni. Ninachodai ni kwamba stesheni ya Kigoma ilijengwa kwa ajili ya ziwa, lakini kwa zaidi ya miaka 100 imeishi kwa watu wa Buha: Waha wa Heru, wa Muhambwe na wa Buyungu, yaani Kasulu, Kibondo na Kakonko za leo. Na kwa kuwa jambo hilo halikuandikwa, halikuingia kwenye mipango pia.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na mwanzoni mwa Februari 1914 mataruma ya mwisho yakalazwa Kigoma, baada ya njia ya kilomita 1,250 hivi yenye upana wa mita 1. Mji uliojulikana ziwani wakati huo ulikuwa Ujiji, kituo cha misafara tangu karne ya 19, na mtu angetarajia reli iende huko. Haikwenda kwa sababu ya maji. Ufuko wa Ujiji ni wa kina kifupi, na tangu ziwa lilipopata njia ya kutokea kwenye mto Lukuga katika miaka ya 1870, maji yalishuka na ufuko ukasogea; mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 leo pako mbali na ukingo. Kigoma ilikuwa na ghuba yenye kina na iliyokingwa na upepo. Na Wajerumani walikuwa na meli ya kushusha: Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa hadi ziwani, ambako iliunganishwa upya na kuingizwa majini Februari 1915. Ndiyo Liemba ya leo, baada ya kuzamishwa mwaka 1916, kuopolewa na Waingereza mwaka 1924 na kurudishwa kazini mwaka 1927. Kwa hiyo stesheni ilikaa pale meli ilipoweza kukaa. Katika hesabu hiyo mahindi na maharage ya milimani hayakuwa na uzito wowote.

Mpangilio wa stesheni wenyewe unaonyesha hivyo. Barabara kuu ya mji inateremka kilima na kuishia kwenye jengo la abiria, jengo kubwa la Kijerumani ambalo bado linatumika. Nyuma yake kuna jukwaa, kisha njia za mabehewa ya mizigo, maghala, na reli inayoendelea hadi gatini ili behewa na meli vikutane. Vita vilipoingia, majeshi ya Kibelgiji yaliuteka mji mwishoni mwa Julai 1916 na kuushikilia hadi 1921. Kabla ya kuondoka, Ubelgiji ilitia saini na Uingereza mkataba wa tarehe 15 Machi 1921, ulioipa maeneo yake ya kudumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Shaba na bidhaa nyingine za Kongo zikapata njia ya kufika Bahari ya Hindi bila kukwama kwenye forodha ya Tanganyika. Ulipokaribia uhuru, Nyerere alikataa kutambua kwamba mdhamini wa muda angeweza kuigawa ardhi ya nchi milele, na suala hilo likachukua miaka mingi kumalizika. Tazama jinsi uwekezaji ulivyokwenda: gati, kreni, maghala, forodha, vyote vilielekezwa majini. Aliyeshuka kutoka milimani alikuta dirisha la tikiti na jukwaa. Njia ya kumleta hapo ilikuwa mguu wake, na baadaye lori la vumbi. Mimi nahesabu huduma za stesheni kuanzia pale abiria anapofunga mzigo wake nyumbani, na kwa kipimo hicho Kigoma ilikuwa na huduma nzuri upande mmoja tu.

Ndipo linapokuja jambo kubwa kuliko yote katika tarehe hii, nalo ni manamba. Chini ya utawala wa Waingereza Buha iligeuzwa kuwa ghala la nguvukazi. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, zao la biashara la kuilipia halikuwepo la kutosha, na mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono mingi na ya bei nafuu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, na mawakala wake wakawa wanakusanya vijana wa milimani kwa mkataba, wanawateremsha hadi kwenye reli, kisha wanawasafirisha mashariki. Safari haikuwa nyepesi hata baada ya kupanda treni. Reli ya Kati na ile ya Tanga hazikuwa zimeunganishwa hadi kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipokamilika mwaka 1963, hivyo aliyekuwa akienda Korogwe au Muheza alishuka njiani na kumalizia kwa barabara. Wengine walirudi na baiskeli, nguo na fedha za mahari. Wengine hawakurudi, na hadi leo Tanga na Morogoro zina vijiji na mitaa yenye ukoo wa Kiha. Hii ndiyo shehena kubwa ambayo Buha ilipitisha Kigoma, na haionekani katika hesabu za mizigo kwa sababu ilisafiri kama abiria.

Mtu anaweza kupinga kwamba si manamba wote waliopanda treni. Ni kweli. Wengi waliukwepa mkataba wakatembea kwa miguu, wengine wakaelekea kaskazini, Bukoba na Uganda. Lakini hilo halipunguzi hoja, bali linaonyesha jinsi reli ilivyokuwa mbali. Kutoka Kibondo kwenda Kigoma kupanda treni ya mashariki ilikuwa kuanza safari kwa kurudi nyuma.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni la mhandisi. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kasulu iko juu yake kwa mamia ya mita. Reli ya mwaka 1914 ilifuata bonde la Malagarasi, ikapita Nguruka, Uvinza, Kazuramimba na Luiche, kwa sababu bonde ndilo njia ya asili ya kushukia ziwani. Anayelaumu kwamba haikupandishwa Buha anaulaumu mlima. Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Uvinza peke yake ilistahili stesheni: chemchemi zake za chumvi zimetumika kwa takriban miaka 1,500, kama uchimbaji wa wanaakiolojia wa miaka ya 1960 ulivyoonyesha, na Buha ilikuwa miongoni mwa wateja wake tangu kale. Lakini mlima haukuwa sababu ya mwisho. Mwaka 1914 Wajerumani walianza reli nyingine kutoka Tabora kuelekea Rwanda, ikiwa na lengo la kufika mto Kagera, na kilichoisimamisha ni vita. Kufikia mwaka 1950 Waingereza nao walikuwa wamejenga tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 200 na zaidi za pori lenye watu wachache, kwa sababu Mpanda palikuwa na madini ya risasi. Reli ilipotakiwa iende, ilikwenda. Buha ilikuwa na watu wengi kuliko Mpanda, ila serikali ya kikoloni iliona kitu kimoja tu cha kupakia huko, na hicho kilikuwa na miguu ya kujipeleka stesheni.

Miaka ya 1990 ilitoa ushahidi ambao sijauona ukitajwa katika simulizi za stesheni hii. Mwishoni mwa Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, vikadumu hadi Januari 1999, na biashara ya kawaida ya kuvuka ziwa kuelekea Bujumbura ikabanwa. Mwaka huohuo wa 1996 vita vya Kongo vilivuruga ng'ambo yote ya magharibi. Kwa mantiki ya bandari, stesheni ilipaswa kulala. Lakini wakati huohuo milima ilikuwa ikijaa watu: Warundi waliokimbia tangu 1993 walikuwa Mtabila, Muyovosi, Kanembwa na kambi nyingine za Kasulu na Kibondo, na mwaka 1996 Nyarugusu ikafunguliwa, jirani na Kagerankanda, kwa ajili ya Wakongo. Sehemu ya chakula chao ilikuja Kigoma kwa reli, kisha ikapakiwa malori na kupandishwa milimani. Ziwa lilifungwa, stesheni ikaendelea kufanya kazi, na mizigo yake ikaelekea Buha.

Mwaka 2015 hali ilijirudia kwa namna inayoumiza zaidi. Makumi ya maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji cha ufukweni chini ya mlima, kipindupindu kikawaingia mwezi Mei, na Liemba ikawa inawasomba mamia kwa mamia hadi Kigoma. Walishushwa bandarini, karibu kabisa na reli, lakini reli haikuweza kuwasaidia, kwa kuwa walikokwenda ni Nyarugusu. Walipitishwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapandisha Kasulu. Hiyo ndiyo kasoro ya mwaka 1914: mataruma yanaishia majini, na shida yenyewe iko juu.

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa lami imeshinda. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu, kilomita 63, kiliwekwa lami, na barabara ikaendelezwa kupitia Kibondo na Kakonko kuelekea Nyakanazi. Mtu wa Kibondo anapanda basi, anatokea Kahama, na kesho yake yuko Dar es Salaam bila kuiona Kigoma. Kwa abiria mwenye haraka, nakubali. Kwa gunia la mahindi au la maharage, sikubali. Kagerankanda na vijiji vinavyoizunguka huzalisha nafaka kwa wingi, na nafaka ni mzigo mzito wa thamani ndogo, ambao kila kilomita ya lori huupunguzia mkulima bei. Safari ya kilomita 1,250 ndiyo ambayo reli hufanya kwa nafuu kuliko lori, mradi itembee. Hapo kwenye kutembea ndipo penye ugonjwa. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania lilirithi mali chakavu. Mwaka 2007 uendeshaji ukapewa kampuni yenye wabia kutoka India, RITES, kwa asilimia 51, na mwaka 2011 serikali ikaurudisha. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yakaibomoa njia karibu na Kilosa, ikawa abiria wa Kigoma wanaanzia Dodoma. Mwaka 2017 shirika likaundwa upya kwa sheria. Katika miaka hiyo yote treni ya Kigoma ilikuwa ya mara chache kwa wiki, na bado daraja la tatu lilijaa. Watu hawaijazi huduma wasiyoihitaji. Lami imewapa njia ya pili, lakini haijawaondolea haja ya ile ya kwanza.

Jambo hili lina haraka sasa kwa sababu reli inajengwa upya. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa reli ya kisasa (SGR) ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 ukihesabu na njia za kupishania. Januari 2025 ukafuata mkataba wa Uvinza hadi Musongati, Burundi, wenye kilomita 282 kwa hesabu hiyohiyo, na ujenzi ulizinduliwa Musongati Agosti 2025. Reli hiyo ya pili ndiyo tarehe mpya ya Buha, maana huwezi kutoka Uvinza hadi Burundi bila kupanda milima yetu. Kwa mara ya kwanza mataruma yatalazwa juu. Lakini sababu inayotajwa mbele ni nikeli ya Musongati, na tumekwisha kuona nini hutokea reli inapojengwa kwa sababu ya kitu kilicho ng'ambo: treni hupita, watu wa katikati wakaiangalia.

Atakayesema kila stesheni ya kati huchelewesha treni ya madini na kuongeza gharama, anasema kweli. Sidai stesheni kila kijiji. Nadai moja kubwa upande wa Kasulu, iliyopangwa kwa mizigo kabla ya abiria: ghala la nafaka lenye mizani ambayo mkulima anaweza kuisoma, njia ya pembeni inayotosha mabehewa ya shehena yasizuie treni ya Burundi, uwanja wa malori, na choo na maji vinavyomstahili mtu aliyesafiri na watoto. Nadai pia barabara za kulishia stesheni hiyo, ile ya Kagerankanda ikiwemo, zihesabiwe ndani ya mradi wa reli na kujengwa pamoja nayo, kwa sababu Kigoma imeonyesha kwamba barabara isiyojengwa siku ile huweza kusubiri miaka 100. Mikataba imesainiwa, lakini mahali pa maghala na njia za pembeni huamuliwa katika michoro ya kina, na huko ndiko madiwani na wabunge wa Kasulu, Buhigwe na Kibondo wanapotakiwa kuwa na hesabu zao mkononi: tani za mahindi na maharage zinazotoka kila msimu, na bei ya lori kwa kila gunia.