Sabuni Isiyotoa Povu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni ilikuwa mali. Vita ya kumng'oa Idi Amin, ya 1978 na 1979, ilikuwa imetukausha fedha za kigeni, na mche wa kufulia ulipangiwa foleni kama sukari. Wapo waliorudia ujuzi wa wazee: jivu la maganda ya ndizi likachujwa kwa maji, na maji yale yakachemshwa pamoja na mafuta. Sabuni yake ilikuwa laini, nyeusi nyeusi, na vijana waliionea haya.

Siku hizi vikundi vya akina mama huchemsha mawese, kama yale ya Kyela, kwa kostiki soda. Shirika la SIDO, lililoanzishwa 1973, limefundisha wengi kazi hiyo. Mche hutoka mgumu, wa kupendeza. Lakini asubuhi ya Julai pale Mafinga au Uyole unasugua, unasugua, povu hulioni. Mnunuzi husema ameibiwa.

Mimi nasema mama yule anaonewa. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta unaoyakimbia. Zikiwa nyingi majini hujikusanya zenyewe, mikia ndani, vichwa nje, kama nyati wa Ruaha wanaozingira ndama wao. Kundi hilo huitwa miseli, nalo ndilo linalomeza uchafu wa mafuta. James McBain wa Bristol alipolieleza jambo hili mwaka 1913, inasimuliwa kwamba wakubwa wa sayansi walimwona anapayuka.

Sasa, mikia haifanani. Karibu nusu ya mikia ya mawese imenyooka na ina kaboni 16. Mingi ya nazi ina 12. Mikia mirefu hushikamana kama mzigo wa kuni uliokazwa kamba, na maji ya baridi hayaufungui. Mjerumani Friedrich Krafft alionyesha katika miaka ya 1890 kwamba kila sabuni ina joto lake. Chini ya hapo haiyeyuki vya kutosha, na miseli haiundiki. Sabuni tupu ya mikia ile ya 16, iliyopikwa kwa soda, hutaka maji ya nyuzi 60 hivi. Kinachoiokoa ya mawese ni mikia mingine iliyopinda katikati, isiyopangika vizuri.

Na lile jivu? Lina potashi badala ya soda, na potashi haikazi kamba kiasi hicho. Sabuni tuliyoiita ya kishamba ilikuwa ikiyeyuka upesi zaidi katika maji yetu ya baridi.

Dawa ipo, ingawa nazi hutoka pwani na nauli ya lori si mchezo. Alizeti ya Iringa ina mikia iliyopinda, ila ikizidi sabuni huwa teketeke na kuvunda. Ningekuwa kwenye kikundi, ningeanza na kopo moja la nazi kwa matatu ya mawese, nikaongeza kostiki kidogo kwa kuwa nazi hula zaidi, kisha nikaijaribu bombani alfajiri, si jikoni penye maji ya moto.