Mbio za kupokezana vijiti zilikuzwa vyuoni

Msikilizaji wetu, mbio za kupokezana vijiti tunazokutangazia zilikuzwa na wanaume wa vyuo vya Marekani. Mwaka 1893, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilishindana na Princeton: wakimbiaji wanne kila upande, kila mmoja robo maili. Princeton walishinda. Mwaka 1895 yakaanza mashindano ya Penn Relays mjini Philadelphia, na yapo hadi leo.

Awali hapakuwa na kijiti. Mkimbiaji alimgusa mwenzake mkono, naye akaondoka. Kijiti kilipoingia, waamuzi wakapata kitu cha kuona kwa macho.

Kenya nayo imo. Mwaka 1972, mjini Munich, ilitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 400 mara nne kupitia Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Ouko na Sang walikuwa wanafunzi wa chuo cha North Carolina Central, Marekani.

Kumbuka: katika mbio hizo kijiti hupokewa ndani ya mita 20 tu. Kikipokewa nje ya hapo, jasho la wote wanne limepotea bure.