Uta Usio na Kamba

Uta wangu wa kwanza ulivunjika mwezi wa nne, nyuma ya jikoni la nyanya, kabla sijauvuta hata nusu. Ulilia tah! na kipande cha juu kikanipita karibu na sikio. Nilikuwa nimeukata kwenye mkaratusi, maana Gesima siku hizi ukitafuta mti utapata mkaratusi, na pasipo na mkaratusi kuna majani chai. Mzee jirani, ambaye hapa nitamwita Tata kama ninavyomwita nyumbani, alikuwa ameegemea ua akinitazama. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Momura, ulipunguza upande upi?"

Nilikuwa nimepunguza pande zote mbili. Ndiyo maana ulivunjika.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilikuwa nasomea historia, karo ikaisha kabla ya historia, basi nikarudi nyumbani kuandikia watu makala kwa malipo ya kila neno. Nasema hivi ili ujue kwamba uta haukuanza kama mapenzi ya useremala. Ulianza kama swali. Katika yote niliyosoma kuhusu watu wetu, Abagusii, silaha niliyokutana nayo kila mara ni mkuki.

Mkuki una majina na tarehe. Mwaka 1905 wanajeshi wa King's African Rifles walikuja na bunduki ya rasharasha, vijana wakawakabili kwa mikuki na ngao, wakaanguka kwa mamia. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akiwa amechochewa na nabii wa kike Moraa Ngiti wa Kitutu, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, G. A. S. Northcote. Mzungu hakufa. Walioadhibiwa ni wenyeji: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri katika Wizara ya Makoloni, aliuliza London kama mauaji yote hayo yalikuwa ya lazima. Otenyo aliuawa, na simulizi za kwetu zinasema kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Northcote alipona, akapanda vyeo, na kuanzia 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Mara nyingine nawaza kama kovu lilikuwa likimuwasha kule.

Uta hauna tarehe ya namna hiyo. Lakini una kitu ambacho mkuki wa Otenyo hauna, nacho ni neno lenyewe. Kwa Ekegusii uta ni obota. Waswahili wa pwani wanasema uta, Wakamba na Wagikuyu wanasema uta, na ukishuka hadi Zimbabwe, Washona nao wanasema uta. Wanaisimu wanaofuata chimbuko la lugha za Kibantu wanauhesabu mzizi huo, -ta, miongoni mwa ya kale kabisa. Maana yake ni kwamba kabla hatujawa Abagusii, kabla hatujapanda milima hii, kulikuwa na mtu amekaa chini na kijiti mapajani, anakichonga, na alikiita kwa jina ambalo nyanya yangu bado analitumia.

Ila yeye hulitumia kwa sauti ya chini.

Upande wa mashariki, ng'ambo ya Borabu, kuna mpaka wetu na Wakipsigis. Wao huita uta kwanget, na ni mafundi wake hasa. Wazee wa pande zote mbili hukumbuka vita vya mwishoni mwa karne ya 19, vita ambavyo Wakipsigis huviita Mogori na walishindwa vibaya. Zamani vijana wetu walikaa katika ebisarate, kambi za kulinda ng'ombe, na huko ndiko walikojifunza silaha, mpaka Waingereza walipozivunja kambi hizo katika miaka ya 1910. Lakini mpaka ulibaki, na ng'ombe walibaki. Mwaka 1992 mishale iliruka tena. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, vituo vya mpakani kama Chebilat vilichomwa. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa nchi nzima kuwa 1,133. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka tulilala na viatu miguuni, na nakumbuka Tata akiondoka na wanaume wengine, uta begani. Alirudi siku ya tatu. Hakusimulia, nasi hatukuuliza.

Mwaka 2010 serikali ilichapisha orodha ya makundi 33 yaliyopigwa marufuku. Chinkororo, wale wapiganaji wetu wa mpakani, walikuwemo. Mtu anaweza kubishana usiku kucha kama walikuwa walinzi au wahuni, na kwetu hubishaniwa kweli. Mimi nadhani walikuwa yote mawili, inategemea mwaka na aliyewalipa. Baada ya hapo uta ukikutwa ndani ya nyumba ulikuwa kesi inayosubiri polisi. Tata aliuchoma wake mwenyewe, akapikia chai.

Basi ndiye huyo aliyenifundisha.

Mti wa pili tuliupata kando ya mto, mkole mwembamba ulionyooka, unene wa kifundo cha mkono. Tuliukata urefu wa kimo changu, tukapaka ncha mafuta zisipasuke, tukauweka juu ya moto wa jikoni miezi miwili. Nyanya aliambiwa ni mpini wa jembe. Alijua.

Uta una mgongo na tumbo. Mgongo ndio unaotazama adui, na unapovuta ndio unaonyooshwa. Tumbo linakutazama wewe, na ndilo linalobanwa. Mgongo hauguswi: unabandua gome tu, basi, kwa sababu nyuzi za mti zikikatwa hapo, zitaanza kuachana pale pale ulipokata. Kazi yote hufanyika tumboni. Kwanza panga, kisha kisu, na mwisho kipande cha chupa, ambacho hukwangua unga mwembamba kama wa muhogo. Penye kifundo unaacha nyama zaidi. Katikati, pa kushika, unaacha unene, halafu unapunguza polepole kuelekea ncha.

Hilo nililielewa kwa siku moja. Kusawazisha ndiko kulikonichukua wiki tatu.

Tata alinifanya niulaze uta juu ya kigingi ukutani, nifunge kamba legevu, nivute kidogo kwa ugwe mrefu huku nikirudi nyuma ili nione mikono yote miwili kwa pamoja. Mkono wa juu ulikuwa umejikunja mahali pamoja kama goti. Wa chini ulikuwa mgumu, haujali. Nilitaka kukwangua kwenye goti. Alinipiga kofi la mkono. Pale panapopinda sana ndipo pamechoka, alisema, paache papumzike. Unakwangua pale pasipofanya kazi. Kisha unavuta mara 20 au 30, mti ujue umebadilishwa, ndipo unatazama tena. Na usivute kamwe zaidi ya pale ulipokwisha kusawazisha. Mkono wa chini huachwa mgumu kidogo, kwa sababu kiganja hushika chini ya katikati na kuuelemea.

Nimesoma kuhusu Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao hadi leo hula kwa uta. Wao huunyoosha mti kwa joto la moto, na kamba yao ni mishipa ya wanyama. Nilimweleza Tata. Akauliza kama wana chifu anayekagua nyumba.

Siku moja jioni niliupeleka kwenye kituo cha kununua chai, umeviringwa gunia, wakulima wakiwa wameshaenda. Karani ni rafiki yangu. Tuliuning'iniza kwa kamba ya nailoni kwenye ndoano ya mizani ya majani, nikauvuta chini mpaka pale pa kawaida. Mshale wa mizani ukasimama kwenye kilo 17. Uta wa mwindaji wa Kihadza hufika kama 30. Karani alisema nimepata kilo nyingi kuliko mama mmoja aliyechuma asubuhi nzima, tukacheka, kisha akaniambia nisirudi nao.

Nyumbani nilimkuta Tata amekaa na nyanya. Aliuchukua, akaufungua kamba bila kuniuliza, akaizungusha kidoleni na kuitia mfukoni. "Bila kamba ni fimbo," alisema. "Fimbo haina kesi."

Niliomba kamba nyingine. Nyanya akasema, "Omwana one, nilimngoja huyu siku tatu." Akamwelekezea Tata kidole. Tata akatazama mlangoni.

Uta uko juu ya moto sasa, kati ya mahindi ya mbegu. Ninapoingia kuchukua chai huutazama kutoka nchani. Kwenye mkono wa juu, vidole vinne chini ya ncha, kuna mahali bado ni pagumu. Panahitaji kukwanguliwa mara tano hivi, labda sita.