Kasoro Iliyogeuka Ladha: Fundi Redio, Gitaa na Pedali Kandokando ya Ziwa Victoria

Katikati ya jiji la Mwanza, pale maduka yanapoanza kupanda kwenye mawe, pana mahali panapoitwa Makoroboi. Jina limetokana na kazi. Mafundi wa bati waliokota makopo matupu, wakayakata, wakayatia utambi na mafuta ya taa, wakayauza kuwa taa za koroboi. Siku hizi bidhaa zinazopangwa hapo ni za kila aina na umeme umeshafika, lakini jina halijabanduka.

Makala haya yanahusu kikopo kingine. Ni kisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani, ambacho mpiga gitaa hukiweka sakafuni na kukikanyaga anapotaka sauti ibadilike. Waya unaingia kutoka kwenye gitaa, mwingine unatoka kwenda kwenye amplifaya, na hapo katikati sauti inakwaruzwa, inatikiswa au inarudiwa kama mwangwi. Hiyo ndiyo pedali. Huko Ulaya, Marekani na Japani kuna watu wengi ambao burudani yao ya jioni ni kufungua pedali nyumbani, kuzitengeneza na kuzigeuza zilie watakavyo. Kandokando ya Ziwa Victoria ujuzi huo ulipitia mlango tofauti, yaani banda la fundi redio. Ukifuata njia uliyopita ujuzi huo, unaona kwamba ipi ni kasoro ya sauti na ipi ni ladha limekuwa, mara nyingi, jambo la kuamuliwa na fundi.

Mkwaruzo wenyewe si mgeni hapa. Upande wa Uganda wa ziwa hili kuna kinubi cha Waganda kiitwacho endongo, ambacho bakuli lake huwambwa ngozi ya kenge. Nyuzi zake hupita karibu mno na ngozi hiyo, na zinapopigwa huigusa na kutoa mvumo wa kukereza. Fundi asiyeijua mila hiyo angeinua nyuzi akidhani anarekebisha kosa, na kumbe angekiharibu chombo. Ugogoni, mbali kusini-mashariki mwa ziwa, waunda marimba ya vidole hutoboa tundu kwenye sanduku na kuliziba kwa utando wa buibui ili kila sauti itoke na mtetemo wake. Mluo anayepiga nyatiti, kinubi cha nyuzi nane, huvaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, na kwa pete hiyo hugonga ukingo wa kinubi huku mikono ikicheza na nyuzi. Wote hao waliona kwamba sauti tupu haitoshi, wakaiongezea kitu. Huyu wa mwisho alikuwa ameshaupa mguu kazi katika muziki wa nyuzi, miaka mingi kabla ya pedali yoyote.

Gitaa lilikuja na vyombo vya usafiri. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na tawi la reli ya kati kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Kati ya bandari hizo na za Bukoba na Musoma, meli zilibeba abiria, marobota ya pamba, santuri na wapigaji. Fedha za pamba za Usukumani ndizo zilizonunua baiskeli, cherehani na gramafoni. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza, na kadiri redio zilivyoenea ndivyo alivyohitajika mtu wa kuzitengeneza. Hapo ndipo fundi redio alipopata kiti chake barazani: meza moja, pasi ya kulehemu, tesita, na nyuma yake rundo la redio mbovu ambazo hazitupwi kwa sababu kila moja ina kitu kitakachoiponya nyingine.

Muziki wa dansi ulikua sambamba na redio. Bendi za jazi zilienea mijini, na baada ya uhuru nyingi zikawa chini ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi; majeshi, polisi na mashirika ya umma nayo yakafuata. Utaratibu huo ulikuwa na jambo moja linalotuhusu sana: vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, si ya mpigaji. Mpiga solo angeweza kuhama na vidole vyake, lakini gitaa, amplifaya na kila kilichounganishwa nazo vilibaki. Aliyeishi na vyombo hivyo mwaka hadi mwaka, akijua spika ipi imepasuka na jeki ipi inalegea, alikuwa fundi mitambo.

Upande wa Mara, kijana wa Shirati aitwaye Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940, alivuka kwenda Kenya na kuja kuwa mmoja wa magwiji wa muziki wa benga akiwa na bendi ya Shirati Jazz. Katika benga, gitaa la solo linafuata mwendo wa nyatiti: nyuzi zinadonolewa haraka, sauti ni safi na kali, kila noti inasikika peke yake. Gitaa la namna hiyo halikuombwa likwaruze. Hata hivyo, amplifaya ndogo inapolazimishwa kuujaza ukumbi mkubwa, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na mkwaruzo hutokea utake usitake. Kazi ya fundi mitambo ilikuwa kuupunguza. Kwingineko duniani, wakati huohuo, kuna waliokuwa wakifikiria namna ya kuuza mkwaruzo huohuo.

Kisa chao kilianzia Nashville, Marekani, mwaka 1960. Wakati wa kurekodi wimbo mmoja wa Marty Robbins, transfoma ndani ya mtambo wa studio iliharibika, na gitaa la besi la Grady Martin likatoka na mngurumo wa ajabu. Kipande hicho hakikufutwa. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, akatafuta saketi ya transista iliyoweza kutoa mngurumo uleule kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1966 Uingereza ikatoa pedali ya mkwaruzo iitwayo Fuzz Face, na mwaka uliofuata pedali ya wah-wah ikaingia madukani. Muongo uliofuata Wajapani wakashika soko: kampuni ya Boss ilitoa pedali zake ndogo za kwanza mwaka 1977 na ile ya DS-1 ya rangi ya chungwa mwaka 1978. Kwa hiyo biashara yote hii ilizaliwa na kifaa kibovu, na fundi aliyekataa kukiona kibovu tu.

Pedali zilipokuwa zikienea duniani, mlango wa ziwa ulikuwa unafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa mwezi Februari, usifunguliwe rasmi hadi Novemba 1983. Kisumu, ambako zamani mtu wa Mwanza au Musoma angevuka kununua spea, kukawa mbali ghafla. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni. Nyuzi za gitaa zikawa adimu, seuze pedali. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ukafanya hata bidhaa za magendo kuwa hatari kumiliki. Mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, rafu zilianza kujaa tena.

Katika miaka kama hiyo, rundo la redio mbovu ndilo lililokuwa ghala, na lilikuwa ghala lenye mali kuliko lilivyoonekana. Transista ya jemaniamu AC128, iliyosukuma spika katika redio nyingi za miaka ya 1960, ni ileile iliyowekwa katika baadhi ya pedali za fuzz za Uingereza. Dayodi ndogo ya kioo aina ya OA91, ambayo kazi yake ndani ya redio ni kuikamata sauti kutoka kwenye mawimbi, inaweza kulainisha mkwaruzo wa pedali. Chipu aina ya 4558, ambayo ni moyo wa pedali ya Tube Screamer ya kampuni ya Ibanez, ilijaa pia ndani ya deki za kaseti. Hata chakula cha pedali kinafanana na cha redio: volti 9, yaani betri sita za volti moja na nusu zilizopangwa mkia kwa kichwa. Aliyewahi kuona betri zilizochoka zikianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi anaweza kustaajabu kusikia kwamba kuna wapigaji wa ng'ambo wanaotafuta makusudi betri iliyochoka, wakidai inaipa fuzz sauti nzito.

Kugeuza pedali kunaeleweka vizuri zaidi ukiangalia sehemu moja tu ya saketi. Katika pedali nyingi za kukwaruza, sauti inakuzwa kwanza, kisha inapitishwa kwenye dayodi mbili zinazotazamana kinyume. Dayodi hizo hukata kila kilele cha wimbi kinachozidi kipimo chake. Za silikoni hukata kwenye takriban volti 0.6, na mkwaruzo wake ni mkali. Za jemaniamu hukata mapema, karibu na volti 0.3; sauti inakuwa laini na ndogo. Ukiziondoa ukaweka taa mbili nyekundu za LED, ukataji unasogea hadi karibu volti 1.7, na gitaa linatoka kwa sauti kubwa na wazi zaidi. Vipande viwili, miguu minne ya kulehemu, na pedali imekuwa nyingine. Kapasita nayo ina ufunguo wake: iliyo kwenye njia ya sauti ikiongezwa ukubwa, besi inapita zaidi, ikipunguzwa, gitaa linakonda na kujitokeza mbele ya ala nyingine. Anayetaka solo ya benga isimezwe na besi angechagua hiyo ya pili.

Nyingi ya kazi, hata hivyo, ni uganga wa kawaida: jeki iliyolegea, swichi iliyochoka kukanyagwa, kapasita iliyokauka, kidhibiti cha wah-wah kinachokwaruza kwa vumbi. Kosa la mara kwa mara linatokana na adapta. Adapta nyingi za nyumbani huweka chanya katikati ya plagi, ilhali pedali nyingi huweka hasi. Mtu huchomeka, pedali inanyamaza, anadhani imekufa. Fundi akifungua hukuta dayodi moja ya ulinzi imejitoa mhanga ili saketi nzima ipone. Na pale mvumo wa umeme unapoingia ndani ya sauti, dawa ni kukifunika kifaa kwa bati lililounganishwa na waya wa hasi. Kopo la maziwa ya unga linatosha. Mafundi wa bati wa Makoroboi wangelikata kwa dakika chache.

Wapo waliouchukua mkwaruzo wakaufanya alama yao. Bendi ya Konono No. 1 ya Kinshasa waliziwekea likembe zao, yaani marimba ya vidole, sumaku zilizotolewa kwenye vyuma vya magari, wakazipitisha kwenye vipaza sauti vya kale; albamu yao ya mwaka 2004 ilisikika dunia nzima. Dar es Salaam, muziki wa mchiriku ulijengwa juu ya kinanda kidogo cha Casio na vipaza sauti vinavyopasua sauti. Mwanza ya leo gitaa linasikika sana makanisani, katika kwaya kama ya AIC Makongoro, na pedali za bei nafuu kutoka China zinapatikana. Ndani yake vipande ni vidogo kama punje za ulezi, vimebandikwa na mashine. Pasi ya kulehemu ya fundi redio ni nene mno kwa kazi hiyo. Mwenye hewa ya moto na hadubini ni fundi simu, na ndiye mrithi wa kiti kile cha barazani.

Kwa wanaohifadhi urithi wa muziki wetu, jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Nyimbo zimehifadhiwa kwenye kanda za redio, na majina ya wapigaji yapo kwenye santuri. Kazi ya fundi ipo pia, ila haiko kwenye karatasi. Chukua amplifaya au pedali ya zamani, fungua skrubu nne za chini, kisha tazama lehemu. Ile ya kiwandani ni nyembamba na sawasawa. Pale palipo na tone nono, transista ya ukoo mwingine, au kipande cha waya wa simu kilichoruka kutoka upande hadi upande, mtu aliketi hapo akaamua sauti itoke vipi. Kabla mkusanyaji hajakipeleka kifaa kama hicho "kikarabatiwe kiwe kama kipya", na apige picha kwanza.