Kabla ya penseli kuna vidole

Kuna jambo linanikera kila ninapoandika habari za elimu ya awali. Mtoto ana miaka mitatu, bado kufunga vifungo vya shati hawezi, lakini keshapewa penseli na daftari, na "a" ikipinda anachapwa. Mzazi naye anaringia majirani kwamba mwanawe "anasoma". Hivi haya mambo tuliyatoa wapi? Nimechimba historia kidogo, na leo naomba niwamegee.

Tuanzie India. Mwaka 1789 mchungaji Mskoti, Andrew Bell, alikabidhiwa shule ya yatima wa wanajeshi huko Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi. Siku moja akawaona watoto wa shule ya wenyeji wakichora herufi mchangani kwa vidole. Akaichukua mbinu hiyo, na mwaka 1797 akachapisha kitabu London kuhusu shule yake. Joseph Lancaster, aliyefungua shule London mwaka 1798, naye akatumia meza za mchanga. Mchanga haununuliwi kama karatasi, na ukikosea unafuta kwa kiganja tu. Basi maarifa ya watoto wa Kihindi yakapewa heshima na kuitwa "Mfumo wa Madras". Ndivyo dunia ilivyo!

Lakini Bell na Lancaster walikuwa wanabana matumizi. Aliyeuliza mkono wa mtoto wenyewe unahitaji nini ni mama mmoja wa Italia, Maria Montessori. Huyu alikuwa daktari, alihitimu Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896. Alianza na watoto wenye ulemavu wa akili, akitumia vifaa vya madaktari wa Kifaransa waliomtangulia, Itard na Séguin. Tarehe 6 Januari 1907 akafungua Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, katika mtaa wa makabwela wa San Lorenzo, Roma. Wazazi walikuwa vibaruani mchana kutwa, na watoto walioachwa peke yao walikuwa wanaharibu kuta za majengo.

Mwanzoni hakupanga kuwafundisha kuandika. Kina mama ndio waliomwomba. Herufi za mbao zilikuwa ghali, hivyo akakata za karatasi ya msasa na kuzibandika kwenye kadi. Mtoto anapitisha kidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake. Jicho linaona, sikio linasikia, kidole kinakumbuka. Pembeni kulikuwa na vipande vya mbao vyenye vishikio vidogo vya kushikwa kwa vidole vitatu, vilevile vinavyoshika kalamu. Halafu maumbo ya kuzungushia penseli na kujaza mistari ndani. Mkono ukakomaa kabla ya kudaiwa kazi.

Montessori anasimulia kwamba siku moja ya Desemba alimwomba mtoto amchoree bomba la moshi kwa chaki. Mtoto akachora, kisha ghafla akaanza kuandika maneno sakafuni huku akipiga kelele kwamba anajua kuandika. Wenzake wakafuata. Waliandika kwanza, kusoma kukaja baadaye.

Sasa turudi nyumbani. Msasa wenyewe ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza, mafundi wetu waliyatumia kusugulia mbao. Mchanga upo kila uwanja wa shule. Kupukuchua mahindi, kuchambua mchele, kufinyanga udongo, kusuka ukili: yote hayo ni mazoezi ya vidole, na bibi zetu hawakuyalipia ada.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa kwenye KKK. Ni sawa kabisa. Ila mtaala haumshiki mtoto mkono. Mwalimu mwenye watoto themanini na chaki moja atasema hana vifaa, nami simlaumu kwa hilo. Namwomba tu awatoe nje, wachuchumae, kila mmoja achore herufi yake vumbini na kuitamka kwa sauti.

Na kwako mzazi: kabla hujanunua daftari, mwachie mwanao afunge vifungo vyake mwenyewe, hata kama mtachelewa daladala. Hapo ndipo kuandika kunapoanzia.