Kimeza cha kioo na ugomvi wa kuta nyeupe

Oktoba 31, 2026 inatimia miaka 50 tangu mbunifu Eileen Gray afariki dunia mjini Paris akiwa na miaka 98. Jina lake halisikiki Keko wala Kariakoo, Dar es Salaam, ingawa wazo lake limeenea katika maduka ya samani ya dunia nzima: duara la kioo juu, bomba la chuma linalong'aa ubavuni, na kitako kinachopenya chini ya kochi. Mwenye sebule finyu anakinunua kimeza cha namna hiyo bila kujiuliza kilibuniwa na nani. Kwa miaka mingi hata wasomi wa usanifu hawakujiuliza, na sababu yake haikuwa usahaulifu tu.

Kioo chenyewe kina historia ndefu. Kiwanda cha kifalme cha Ufaransa kilichokuja kuitwa Saint-Gobain kilianzishwa mwaka 1665, na vioo vyake vikubwa vilikuwa vya majumba ya wenye nguvu, kwa kuwa kila bamba lilisuguliwa na kung'arishwa pande zote mbili. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka, kikatoka laini bila kusuguliwa. Hapo ndipo kioo kizuri kilipoanza kushuka kutoka kwenye majumba hadi kwenye vyumba vya kupanga. Gray, hata hivyo, alikuwa ameshatangulia.

Alizaliwa Ireland mwaka 1878 katika familia yenye uwezo, akasoma sanaa London, kisha akahamia Paris. Huko alijifunza kwa fundi Mjapani, Seizo Sugawara, kazi ngumu ya kupaka utomvu wa mti juu ya mbao, tabaka baada ya tabaka, hadi uso ung'ae. Mwaka 1922 alifungua duka la samani na kulipa jina la kiume, Jean Désert. Kisha akageukia chuma.

Kati ya mwaka 1926 na 1929 alijenga nyumba kwenye mwamba wa Roquebrune-Cap-Martin, juu ya bahari ya kusini mwa Ufaransa, kwa ajili yake na mwenzake, Jean Badovici, mhariri wa jarida la usanifu. Aliiita E-1027. Hilo ni fumbo la majina yao: E ya Eileen, 10 kwa J, herufi ya kumi, 2 kwa B na 7 kwa G. Nyumba haikuwa kubwa, na kila kitu ndani yake kilitakiwa kufanya kazi zaidi ya moja. Humo ndimo kilimozaliwa kimeza hicho, mwaka 1927.

Kioo chake kina kipenyo cha karibu sentimeta 51. Kinapanda na kushuka, kutoka karibu sentimeta 62 hadi 100, na hushikiliwa na pini ndogo yenye mnyororo. Nguzo imesimama pembeni, si katikati, na kitako chake ni duara lililoachwa wazi upande mmoja. Inasimuliwa kuwa Gray alikibuni kwa ajili ya dada yake, aliyependa kula kifungua kinywa kitandani lakini hakupenda makombo kwenye shuka. Sukuma kitako chini ya kitanda, kioo kinakaa juu ya mapaja. Kikitoka chumbani kinahamia sebuleni, na kwa kuwa jicho linapita ndani ya kioo, chumba hakionekani kujaa.

Ugomvi ulianza Gray alipokwisha kuondoka. Mapema miaka ya 1930 aliachana na Badovici, akamwachia nyumba. Le Corbusier, msanifu aliyekuwa tayari na jina kubwa, alikuwa rafiki wa Badovici na mgeni wa mara kwa mara pale. Mwaka 1938 alimwandikia Gray barua ya kuisifu nyumba. Mwaka huohuo na uliofuata akachukua brashi na kujaza michoro mikubwa ya rangi kali kwenye kuta ambazo Gray alizikusudia ziwe tupu. Ipo picha ya Le Corbusier akiwa kazini, amevua nguo zote.

Peter Adam, mtengenezaji filamu aliyekuwa rafiki wa Gray uzeeni na aliyeandika kitabu cha maisha yake mwaka 1987, anaeleza kwamba Gray alikiona kitendo hicho kuwa uharibifu. Upande anaosimama Adam haufichiki, na mwandishi wa makala haya hana haja ya kumpinga. Watetezi wa Le Corbusier husema mwenye nyumba aliridhia. Ni kweli kiwanja kiliandikishwa kwa jina la Badovici. Lakini mgeni aliyekaribishwa kulala hakukaribishwa kuandika upya ukuta wa mtu. Baadaye hata Badovici alikosana naye kuhusu michoro hiyo.

Kilichouma zaidi ni ukimya. Mwaka 1948 Le Corbusier alichapisha picha za michoro yake bila kumtaja aliyejenga kuta zilizoibeba. Mwaka 1952 akajenga kibanda chake cha mbao karibu kabisa na nyumba hiyo. Jina lake likazidi kuifunika E-1027, na wapo waliodhani ni kazi yake. Agosti 27, 1965 alifia baharini akiogelea chini ya mwamba huohuo. Kibanda chake kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2016.

Heshima ya Gray ilianza kurudi mwaka 1968, Joseph Rykwert alipoandika juu yake katika jarida la Domus. Mwaka 1973 alikubaliana na duka la Aram la London litengeneze upya samani zake, kimeza kikiwemo. Wakati huo nyumba ilikuwa njiani kuharibika: samani za asili ziliishia mnadani, mmiliki mmoja akauawa humo mwaka 1996, kisha wakaingia wavamizi. Taasisi ya umma ya Ufaransa ya kulinda fukwe iliinunua mwaka 1999, na ukarabati mkubwa ukakamilika 2021. Michoro ya Le Corbusier bado iko ukutani. Mwaka 2009 kiti kimoja cha Gray kiliuzwa Paris kwa karibu euro milioni 22.

Huku kwetu fundi anaonyeshwa picha ya kimeza kama hicho kwenye simu, anapima, anachomelea, anakabidhi. Hakuna ubaya katika kujifunza kwa macho. Ubaya ni kuiga mng'aro na kuacha akili: nguzo inawekwa katikati, kitako hakiingii popote, na kioo kinakuwa cha dirisha, ambacho kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kali. Mwenye watoto na nafasi ndogo adai kioo kilichoimarishwa kwa joto, kinachosagika kuwa chembe butu, ukingo uliosuguliwa na duara badala ya pembe. Apime pia nafasi iliyo chini ya kochi kabla ya kulipa.

Na fundi wetu akibuni meza yake mwenyewe, aandike jina na mwaka chini ya bamba. Gray hakustahili kusubiri mpaka afikishe miaka 90 ndipo aulizwe kazi hii ni ya nani. Wala mchomeleaji wa Keko asisubiri.