Machozi ya Watazamaji: Filamu Mbili za Uzee na Msiba

Katika mwaka wa 1937 kampuni ya Paramount ya Marekani ilitoa filamu iitwayo Make Way for Tomorrow, iliyoongozwa na Leo McCarey. Wahakiki waliisifu, lakini watazamaji hawakuiendea. Kampuni ilipata hasara, na McCarey akapoteza kazi yake hapo. Sababu itajwayo mara nyingi ni kwamba huzuni ya filamu hiyo ilizidi kiasi. Hoja hii haitoshi. Mwaka huohuo Stella Dallas, filamu ya King Vidor, iliwaliza watu na bado ikapata umati. Machozi, basi, hayakuwa bidhaa iliyokosa soko.

Tofauti yafaa itafutwe kwingine, yaani katika swali la nani alaumiwaye. Stella ni mama ajitengaye na bintiye kwa hiari ili binti huyo apate maisha bora, naye binti hajui siri hiyo, kwa hiyo hana hatia. Amliliaye Stella hutoka sinema moyo wake ukiwa mweupe. Bark na Lucy Cooper, wazee wa McCarey, hawampi mtazamaji nafasi hiyo. Nyumba yao imechukuliwa na benki. Wana watoto watano walio hai, wala hakuna hata mmoja aliye tayari kuwapokea wote wawili. Mzee apelekwa kwa binti mmoja. Bibi apelekwa kwa mwanawe wa kiume mjini New York. Watoto hao si makatili. Makazi yao ni finyu, wana shughuli zao na wageni wao, na kila udhuru wautoao ungekubaliwa na jirani yeyote. Hapo ndipo penye ukali wa filamu.

Lipo tukio moja ambamo McCarey amewaweka watazamaji ndani ya filamu yenyewe. Mke wa mwana anafundisha mchezo wa karata nyumbani, na chumba kimejaa wageni. Simu yalia, ni Bark. Lucy azungumza kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo wazee wengi wasioiamini simu, na wageni wakereka, wengine karibu wacheke. Kisha maneno yake yawaingia. Anamwuliza mumewe habari za afya yake, anamsihi avae nguo za kumkinga na baridi, na chumba kizima chanyamaza. Hakuna amwendeaye bibi huyo. Wanaona haya, halafu karata zaendelea. Mtu aliyelipa kiingilio ili aburudike angewezaje kuliona tukio hilo bila kujitambua?

Mwishoni Bark apanda treni kwenda California kwa binti mwingine, naye Lucy yu njiani kwenda katika makao ya wanawake wazee, jambo ambalo mumewe hajaambiwa. Adolph Zukor, mkuu wa Paramount, alitaka mwisho wa furaha. McCarey, ambaye babake alikuwa amefariki muda si mrefu kabla ya hapo, alikataa. Kiswahili kina kitenzi kinachosaidia hapa: kufiwa, ambacho kiima chake si marehemu bali ni yule aliyebaki. Lucy amefiwa, ingawa hakuna aliyekufa.

Ikumbukwe pia kwamba sheria ya Marekani ya malipo ya uzeeni ilikuwa imepitishwa mwaka 1935, makato ya mishahara yakaanza Januari 1937, na malipo ya kila mwezi hayakuanza hadi 1940. Suala la nani amtunze mzazi lilikuwa bado bichi.

Nchini Japani hadithi hiyo ilirudi kwa sura nyingine. Kogo Noda, aliyeandika Tokyo Story pamoja na Yasujiro Ozu, aliifahamu filamu ya McCarey. Filamu yao ilitoka mwaka 1953, miaka mitano baada ya sheria mpya ya kiraia kuondoa mamlaka ya kisheria ya mkuu wa ukoo. Wazazi kutoka Onomichi wanawatembelea watoto wao Tokyo, wanakuwa mzigo, wanarejea, na mama anafariki. Matanga hayajakwisha, binti mkubwa anaanza kuulizia mavazi ya marehemu. Hata hivyo Wajapani waliipokea vizuri. Jarida la Kinema Junpo liliiweka ya pili kati ya filamu bora za nchi hiyo mwaka ule.

Ozu hakuwa mpole kuliko McCarey. Alichoongeza ni Noriko, mkaza mwana ambaye mumewe alikufa vitani. Yeye asiye wa damu ndiye awatunzaye wakwe, na binti mdogo anapowakasirikia ndugu zake, Noriko ndiye awateteaye. Mtazamaji wa mwaka 1953, ambaye huenda naye alikuwa na picha ya marehemu wa vita ukutani, alipata mahali pa kusimama ndani ya hadithi: aliweza kuomboleza pasipo kushtakiwa. Ozu mwenyewe alikiri kwamba filamu hiyo iliegemea huzuni ya kuliza kuliko nyingine zake.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kazi za Ozu ni za Kijapani mno kwa wageni. London iliiona mwaka 1957, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Sutherland. Katika majumba ya sinema ya New York, mji uleule wa kisa cha Lucy na Bark, haikufika hadi 1972. Ozu alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1963, na McCarey mwaka 1969.